Kitufe cha Mikopo: kutafuta mahali maneno ya mteja yanapopotelea

Duka lenyewe lilikuwa Manzese, Dar es Salaam, la kona, lile lenye nondo dirishani na friji ya soda inayonguruma mlangoni. Mangi, mwenye duka, alikuwa anatumia programu yetu ya hesabu za duka kwa miezi minne. Alinionyesha simu yake, akabonyeza kitufe kilichoandikwa "Mikopo," ikafunguka fomu: jina, namba ya simu, kiasi.

"Nimejaza," akasema. "Jina langu, namba yangu, laki tatu. Mara ya sita hii, kaka. Mbona hamnipi?"

Kitufe kile hakikuwa cha kukopa. Kilikuwa cha kuandikia watu wanaochukua vitu dukani kwa mali kauli. Kwa hiyo mangi alikuwa amejidai mwenyewe laki tatu, mara sita, na programu yetu kwa uaminifu mkubwa ilikuwa inamtumia meseji kila Jumatatu kumkumbusha alipe deni la duka lake.

Wiki hiyohiyo, kwenye kikao cha wakuu, chati iliyopigiwa makofi kuliko zote ilionyesha kwamba "Mikopo" ndicho kipengele kinachofunguliwa zaidi. Uamuzi ukawa kukiongezea nguvu. Dada zetu wa huduma kwa wateja walikuwa na lundo la simu za "mkopo haujaingia," wakijibu kwa upole kwamba ombi limepokelewa, kisha wanafunga tiketi, yaani kumbukumbu ya lalamiko. Watengenezaji hawakuwa na habari: kitufe kinafunguka, fomu inahifadhi, hakuna hitilafu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kweli, na vipande havikuwahi kukaa meza moja.

Nilikuwa msimamizi wa bidhaa pale, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu kuliko ya mtu mwingine. Tangu hapo nachunguza mawasiliano kama fundi bomba anavyochunguza nyumba: mita inazunguka, bombani maji hayatoki, basi katikati pana mahali. Hapa naandika dalili ninazokutana nazo mara kwa mara, chanzo chake na la kufanya. Mifano mingi ni ya kampuni za programu kwa sababu ndiko nilikofanyia kazi, lakini hata mwenye kiwanda cha unga atajiona humu.

Kipimo cha kwanza: fuata lalamiko moja

Usianze kwa kuitisha kikao cha kuboresha mawasiliano. Vikao hivyo nimevikaa vingi, na huwa vinazaa kikundi kingine cha WhatsApp. Chukua lalamiko moja la wiki mbili zilizopita, lichague bila kupendelea, kisha ulifuate mkono kwa mkono. Andika kwenye karatasi moja lilivyosomeka kila lilipopita. La mangi lilikuwa hivi:

Mteja mwenyewe, kwenye rekodi ya simu: "Nimeomba laki tatu mara sita hamnipi."
Tiketi: "Mteja ameuliza kuhusu mkopo. Ameelekezwa. Imefungwa."
Muhtasari wa wiki: "Maswali ya jumla yameongezeka kidogo."
Kikao cha wakuu: "Mikopo, kipengele namba moja kwa kufunguliwa."
Kazi waliyopewa watengenezaji: "Mikopo ihamie ukurasa wa kwanza, rangi ya kijani."

Ukiisoma kutoka juu kwenda chini utacheka, na baadaye hutacheka. Maneno yalifia mstari wa pili. Lalamiko liligeuzwa swali, na swali likishajibiwa limekwisha. Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kushtuka.

Rudia zoezi kwa malalamiko matatu au manne. Kwa uzoefu wangu mengi yanafia mahali pamoja, na hapo ndipo pa kuanzia. Kwingine paache kwanza. Kama mstari wa kwanza unakushinda kuujaza, yaani hakuna popote penye maneno ya mteja kama alivyoyatamka, usihangaike na mingine minne. Chanzo umeshakipata.

Dalili: "Mbona kwenye mfumo hatulioni tatizo hilo?"

Wateja wanapiga simu kila siku, huduma kwa wateja wanasema hali ni mbaya, watengenezaji wanaangalia kumbukumbu za mfumo na hawaoni kitu. Mwisho kila upande unaanza kuuona mwenzake mzembe.

Mara nyingi ni lugha, na sina maana ya lugha ya kejeli. Mteja anaongea Kiswahili, tiketi inaandikwa kwa Kiingereza kwa sababu "ndiyo ya ofisi," na katikati neno linabadilika sura. Tulipoteza karibu wiki tatu kwa neno moja. Wateja walisema "pesa imekwama." Waliopokea simu wakaandika kwa Kiingereza neno lenye maana kwamba malipo yameshindikana. Mtengenezaji akatafuta malipo yaliyoshindikana, akakuta machache, yote ya kawaida, salio halikutosha au namba ya siri imekosewa. Akajibu kwamba hakuna tatizo.

"Imekwama" ya mteja ilikuwa na maana nyingine kabisa: kwangu imekatwa, kwake haijafika. Malipo ya namna hiyo hayajashindikana, yanasubiri. Mfumo wetu ulikuwa umetuma ombi kwa mtandao wa simu na unangoja jibu la kuthibitisha; jibu lilipopotea njiani, malipo yalibaki yananing'inia, na hatukuwa tumeandika popote kwamba mfumo uulize tena baada ya muda. Yalikuwepo mamia, yamejipanga vizuri chini ya hali ya "yanasubiri," ambako hakuna aliyeambiwa aangalie.

La kufanya ni dogo. Tiketi iwe na sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno ya mteja yalivyotoka mdomoni, kwa Kiswahili chake, hata kama ni cha Kariakoo, na hayaguswi na mtu. Ya pili ni tafsiri ya aliyepokea. Mtengenezaji anasoma ya kwanza kabla ya ya pili.

Halafu tengenezeni kamusi yenu, ukurasa mmoja unatosha. Yetu ilianza na maneno matano: imekwama, imegoma, haisomi, imekula, imerudi. "Haisomi" peke yake ilikuwa na maana tatu: salio halionekani, kamera haishiki msimbo wa bidhaa, au mauzo ya jana hayamo kwenye ripoti ya leo. "Imegoma" tuliipiga marufuku kupita peke yake. Mteja akisema imegoma, swali la pili ni la lazima: "Ukibonyeza, kioo kinakuonyesha nini?"

Kipo na chanzo cha pili cha dalili hii, orodha ya aina za matatizo. Anayepokea simu ana sekunde chache kabla simu nyingine haijaita, atachagua kilicho juu ya orodha, au "Mengineyo." Usimlaumu. Ukitaka kujua kama takwimu zako za matatizo zina maana, badilisha mpangilio wa orodha hiyo bila kutangaza, kisha subiri wiki. Kama tatizo lililokuwa namba moja linashuka ghafla na lililopandishwa juu linakuwa namba moja, mlikuwa mnapima mpangilio wa orodha. Mimi nilifanya hivyo mara moja, na slaidi za miezi kadhaa nikazitupa. "Mengineyo" nayo ikinenepa, chukua tiketi ishirini zake, zisome moja moja, na aina mpya za matatizo zitoke humo.

Dalili: wateja wanasema iko poa, halafu hawarudi

Hii inatutesa sana sisi huku kwa sababu ya adabu zetu. Kijana amekuja na kitambulisho shingoni, ameamkia vizuri, anaulizia programu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Mama mwenye duka atamwambiaje kwamba haifai? Atampa kigoda, atamwagizia soda, atasema, "Nzuri sana mwanangu, inanisaidia." Kijana anarudi ofisini na maoni mazuri. Mwezi ukiisha, mama ameifuta ili picha za mjukuu zipate nafasi kwenye simu.

Usiulize kama anaipenda. Uliza kuhusu jana. "Mama, mtu wa mwisho kuchukua kitu kwa deni jana alichukua nini? Uliandika wapi?" Hapo utaona mkono unapokwenda. Ukienda kwenye kaunta buku chini ya mizani na simu ikabaki mfukoni, umeshajibiwa, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Omba kuona ukurasa huo. Kwa mama mmoja wa Tandika niliona kwamba haandiki majina ya watu, anaandika "Mama Zai sukari nusu," "fundi wa geto la nyuma, mayai 2." Fomu yetu ilikuwa inadai jina la kwanza, jina la ukoo na namba ya simu, vyote vya lazima. Tungemuuliza kama fomu ni nzuri angesema nzuri.

M-Pesa yenyewe ilipatikana kwa kuangalia namna hii. Jaribio lililoanza Kenya mwaka 2005 lilikuwa la watu kulipa marejesho ya mikopo yao midogo ya taasisi ya Faulu kwa simu. Watu waliopewa wakaanza kufanya yao: wanatumiana pesa, wanalipana katika biashara, wanaweka pesa asubuhi kabla ya safari na kuitoa wakifika ili wasitembee nayo. Urejeshaji wa mikopo, lile wazo lililoletea mradi fedha, ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ya taratibu za vikundi na vitabu vya hesabu vya taasisi yenyewe. Bidhaa iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya kile ambacho watu walikuwa tayari wanakifanya, kutuma pesa nyumbani. Kwa dodoso la kuuliza kama wanaridhika na huduma ya kurejesha mkopo, sidhani kama hilo lingejitokeza.

Na kuuliza wengi si dawa. Coca-Cola waliwaonjesha watu karibu 200,000 kabla ya kubadilisha ladha mwaka 1985, na wengi waliipendelea mpya. Lakini kuonja kulipima ladha, hakukupima watajisikiaje ile ya zamani ikiondolewa dukani. Ilitangazwa 23 Aprili. Baada ya siku 79 ya zamani ikarudishwa. Majibu waliyopewa yalikuwa ya kweli kabisa, kwa swali walilouliza.

Neno moja kuhusu wakubwa. Mkurugenzi akitaka kwenda kuonana na wateja, ni jambo jema, mpeleke. Lakini asitambulishwe kwa cheo, na kazi yake iwe kuandika. Nimewahi kwenda na mkuu mmoja Kariakoo, ndani ya dakika tano alikuwa anamfundisha mteja jinsi ya kutumia programu, na mteja anaitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee." Tulirudi na daftari tupu.

Dalili: kimejengwa kama kilivyoagizwa, na hakuna anayekigusa

Hapa kinachoshuka kutoka juu ni dawa, ugonjwa umeachwa njiani. Bosi amekutana harusini na rafiki yake mwenye maduka ya vipuri, rafiki kamwambia, "Programu yenu haina ripoti ya PDF." Jumatatu asubuhi agizo liko mezani: ripoti ya PDF, haraka. Timu inakesha. Ripoti inatoka, ina nembo, ina chati za duara, inapendeza. Rafiki anaifungua mara moja, basi.

Tulipomtafuta mwenyewe, habari ilikuwa hivi. Kila mwezi mhasibu wake anaandaa ritani ya VAT, na msichana wa dukani anakaa siku nzima anamsomea mauzo kwa simu, moja baada ya jingine. PDF lilikuwa neno alilolijua. Mhasibu alihitaji safu za Excel, tarehe, namba ya risiti, kiasi, kodi, na hiyo ni kazi ya siku mbili, tena bila chati hata moja.

Kila ombi linaloingia, litoke kwa mteja, kwa watu wa mauzo au kwa mwenyekiti wa bodi, lijibu mambo manne kabla ya kuingia kwenye orodha ya kazi: nani, alikuwa anafanya nini, alikwamia wapi, na sasa anajisaidiaje. La nne ndilo lenye mali. Mtu mwenye shida ya kweli huwa ameshabuni njia yake, daftari, meseji za kujitumia mwenyewe, kijana wa jirani anayejua kompyuta. Kama hana njia yoyote anayojisaidia nayo, huenda shida yenyewe haimuumi.

Ugumu ni kwamba kumuuliza mkubwa "kwa nini?" kwetu inasikika kama kumbishia. Kwa hiyo usiulize hivyo. Sema, "Mzee, nimelipokea. Naomba namba ya huyo rafiki, nijue ilimkwamia akiwa anafanya kazi gani, tusije tukamtengenezea nusu." Sijawahi kukataliwa namba.

Ahadi za watu wa mauzo ni tawi la ugonjwa huuhuu. Mteja mkubwa ameambiwa kitu kitakuwepo "mwezi ujao" na timu inakisikia siku mkataba unasainiwa. Kwa hili sina dawa ya upole: asiyejenga asitoe tarehe. Aruhusiwe kusema "nitakujibu Ijumaa," na timu iwajibike kumpa jibu kabla ya Ijumaa.

Dalili: ripoti zote kijani, siku ya uzinduzi moto

"Tupo asilimia 90." Hiyo nimeisikia wiki nane mfululizo kwenye mradi mmoja. Aliyekuwa chini alisema kuna shida kubwa. Msimamizi wake akaandika kuna changamoto. Meneja akaandika kuna masuala machache yanayoshughulikiwa. Kwa mkurugenzi ikafika rangi ya kijani. Neno "changamoto" limefanya kazi nyingi chafu katika ofisi za nchi hii.

Hili halina taifa. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba kufa, ilibainika kwamba usiku uliotangulia wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake, Morton Thiokol, walikuwa wameonya kwamba baridi ingeathiri mipira ya kuzibia maungio. Onyo lilifika kwa wakuu wao likabatilishwa. Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwamo kwenye tume ya uchunguzi, aliandika kwamba wahandisi walikadiria uwezekano wa kupoteza chombo kuwa karibu safari moja kati ya 100, na uongozi wa NASA, shirika la anga la Marekani, ulitaja moja kati ya 100,000. Shirika moja, chombo kimoja, na kati ya makadirio hayo kuna tofauti ya mara elfu.

Kwa hiyo nikiona kijani tupu, nawauliza watu wawili walio mbali kivyeo swali moja, kila mtu peke yake: "Ungekuwa wewe ndiye unayelipa faini tukichelewa, ungetaja tarehe gani?" Tarehe zikipishana kwa wiki moja, sawa. Zikipishana kwa miezi miwili, habari zinalainishwa njiani, na sasa unajua zinalainishwa kati ya nani na nani.

Kurekebisha kunaanza juu, kwa sababu watu hulainisha pale walipowahi kuungua. Mkuu asiulize "Mko tayari?" Jibu la swali hilo ni "ndiyo" kabla hajamaliza kulitamka. Aulize, "Kitu gani kinaweza kutuangusha wiki ijayo?" na asubiri, hata kimya kikiuma. Katika kikao wadogo waseme kwanza. Mkubwa akishatoa msimamo, wengine wote watapatikana wanakubaliana naye. Na yule wa kwanza kuleta habari mbaya asibebeshwe kazi ya kuitatua peke yake. Mkifanya hivyo mara moja tu, hamtaletewa tena.

Nilichoona kinasaidia kuliko vyote ni rekodi mbili za simu za wateja, dakika tatu tatu, zinazosikilizwa mwanzoni mwa kikao cha wakuu kabla ya slaidi yoyote. Zisichujwe. Sauti ya mtu anayesema "nina mtoto hospitali na hela yangu mmeikalia" haina rangi ya kijani.

Dalili ndogo ndogo

Mteja anasimulia tatizo lake upya kila anapohamishiwa. Huwa ni kwa sababu kila idara ina mfumo wake na daftari lake. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mifumo inayojengwa na taasisi hufanana na jinsi taasisi hiyo inavyowasiliana ndani, na ukitaka kuthibitisha, piga simu ofisini kwako ukijifanya mteja. Kabla ya kununua mfumo mpya, jaribuni mwezi mmoja wa mtu mmoja kubeba kesi mpaka mwisho, hata kama majibu anayafuata kwa wengine.

Kikundi cha WhatsApp kinawaka moto na hakuna linalotendeka. Watu arobaini wameona picha ya kioo cha mteja, kumi wameweka emoji ya huzuni, kila mmoja anaamini mwingine amelishika. Kikundi kibaki cha kupiga kengele. Kazi iandikwe kwenye tiketi yenye jina la mtu mmoja. Na zile picha za vioo zenye jina la mteja, namba yake na salio lake zinazozunguka kwenye simu binafsi za wafanyakazi, na za walioacha kazi ambao hakuna aliyekumbuka kuwatoa, acheni kuzisambaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Funika namba kabla ya kutuma.

Malalamiko yamepungua na watu wanashangilia. Angalieni kwanza kama watumiaji nao wamepungua. Mteja aliyechoka hapigi simu kukuarifu kwamba amechoka.

Dalili: mteja aliyesema hasikii tena kutoka kwenu

Kitufe tulikibadilisha kikaitwa "Wanaodaiwa." Kazi ya dakika kumi, ukiacha kusubiri toleo jipya lipokelewe. Simu za "mkopo haujaingia" zilikwisha ndani ya mwezi. Lakini hakuna aliyemwambia mangi. Kwake yeye, aliomba mara sita, siku moja neno likabadilika, na bado hana laki tatu.

Nilimpigia nikiwa nimechelewa sana, na nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa nyie, kama hamkopeshi, si mngesema tu?"

Na hapo nikagundua kwamba kwa upande mmoja hatukuwa na tatizo la mawasiliano. Wafanyabiashara wadogo walitaka mkopo, sisi tulilijua hilo, wakuu walikuwa wamelijadili mara mbili na kuamua hapana, kwa sababu zenye mashiko: leseni, mtaji, hatari ya kutolipwa. Ujumbe ulikuwa umepanda mpaka juu bila kupotea. Uamuzi ndio haukushuka. Huduma kwa wateja hawakuwahi kupewa sentensi ya kusema, kwa hiyo walisema "tumelipokea ombi lako, linafanyiwa kazi," na watu wakaendelea kujaza fomu.

Mambo ya namna hii msiyatibu kwa tafiti za wateja na vikao vya mrejesho. Tafuteni kwanza kama uamuzi ulishatolewa, na nani, na lini. Kama upo, uandikeni kwa Kiswahili ambacho dada wa simu anaweza kukitamka bila kujiumauma. Wetu ulipita mikononi mwa watu watano kabla ya kukubalika, na toleo la mwisho liliandikwa na mmoja wa hao hao wapokeaji simu: "Hapana baba, mkopo hatutoi na mwaka huu hatutatoa. Kitufe hiki ni cha kuandika wanaokudai dukani... samahani, unaowadai."

Ile "samahani" tuliicheka, tukaifuta.